Ishara za Mkono Penye Mitambo ya Barabara

Hotuba kwa viongozi wa vijiji, walimu na wenyeji wa Same na Milima ya Upare

Twataka kusema nanyi juu ya jambo moja linalohusu uzima wa watu, nalo ni namna ya kupeana habari kwa mikono mahali penye mitambo mikubwa.

Zamani njia nyingi za milimani kwetu zilichongwa kwa msaragambo. Watu walikwenda na majembe na sururu, na mtu akitaka mwenziwe asimame alimwita kwa jina, naye akasikia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na tingatinga, greda, kijiko na malori, kama katika barabara ya Same, Kisiwani hata Mkomazi, na katika machimbo ya jasi ya Makanya. Mitambo hii ina nguvu nyingi, lakini ina kasoro mbili ambazo jembe halina. Ya kwanza, kelele zake humziba dereva masikio. Ya pili, dereva akikaa kitini haoni pande zote. Nyuma yake, chini karibu na magurudumu, na upande uliozibwa na mkono wa mtambo, kwake ni giza hata mchana kweupe. Kwa hiyo hapana budi awepo mtu wa kumwonea, na kumwambia kwa mikono.

Jambo hili si geni kwetu. Reli iliyotoka Tanga na kupita Same ilifika Moshi mwaka 1911, na kazi ya reli tangu zamani ina bendera zake: nyekundu, simama, kijani, nenda. Dereva wa garimoshi akiona nyekundu hangoji kuelezwa sababu. Ishara za mikono zina shabaha iyo hiyo.

Mwaka 1992 mataifa ya Ulaya yaliyoungana yaliandika ishara hizi katika kanuni zao, nazo ni nyepesi kujifunza:

Simama: mkono wa kuume juu, kiganja kikielekea mbele.
Hatari, simama upesi: mikono yote miwili juu, viganja mbele.
Njoo mbele: mikono yote miwili imekunjwa, viganja juu, ikivutwa polepole kuelekea mwilini.
Rudi nyuma: mikono yote miwili imekunjwa, viganja chini, ikisukumwa polepole mbali na mwili.
Inua mzigo: mkono wa kuume juu, kiganja mbele, ukizungushwa polepole.
Shusha mzigo: mkono wa kuume chini, kiganja kikielekea ndani, ukizungushwa polepole.
Kazi imekwisha: mikono imeshikana mbele ya kifua.

Angalieni sana ishara ya kusimama na ile ya kuinua. Zote ni mkono wa kuume ulio juu. Tofauti yake ni kwamba mmoja umetulia na mwingine wazunguka. Mwonyesha ishara anayetikisatikisa mkono ovyo aweza kuinuliwa mzigo alipotaka usimame. Tena, Marekani ishara ya kusimamisha winchi ni nyingine: mkono hunyooshwa upande, kiganja chini, ukapepewa huku na huku. Basi dereva aliyefundishwa hivi na mwonyesha ishara aliyefundishwa vile wasipopatana, kila mmoja atafanya haki kwa kadiri ya maarifa yake, na mtu atakufa. Kwa sababu hiyo sharti wapatane asubuhi, kabla injini haijawashwa.

Sharti la pili, mwonyesha ishara awe mmoja tu, avae fulana ya rangi kali, na dereva amfuate huyo peke yake. Ila ishara ya kusimama yaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mpita njia, na dereva aitii mara moja.

La tatu, dereva asipomwona mwonyesha ishara, asimame papo hapo, wala asikisie. Huku kwetu kona ni nyingi, na ukungu hushuka upesi kutoka Shengena. Mikono isipoonekana, kazi ingoje.

La nne linawahusu matingo. Kukimbia nyuma ya lori linalorudi huku ukipiga kelele za "rudi, rudi" ni hatari. Simama kando, mahali dereva anapokuona katika kioo chake, wala usisimame kati ya lori na ukingo wa mlima.

Sasa twarudi kwenu, walimu. Watoto wetu hupenda kuwapungia madereva mikono, na ni adabu njema kusalimu. Lakini penye kazi, mkono ulioinuliwa ni amri. Dereva akizoea kuona mikono isiyo na maana, siku ya hatari ataidhani ni salamu. Wafundisheni watoto kupita mbali bila kupunga, na kuinua mikono yote miwili ikiwa waona mtu yu hatarini.

Na ninyi viongozi, mnajua habari ya maporomoko ya udongo, kama yale yaliyoua watu Goha mwaka 2009. Njia ikizibwa, mtambo huletwa, na watu hukusanyika kutazama au kusaidia. Kabla kazi haijaanza, mwulizeni msimamizi, "Mwonyesha ishara ni nani?" Asipoweza kumtaja, waondoeni watu kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwenye kazi awalinde wafanyakazi wake na wengine walio karibu. Kwa hiyo kuuliza kwenu si ujuvi.

Wazee walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi na mkono ukiinuliwa penye mitambo, tujue una jambo, na tusimame.