Sera ya SELinux kwa Maudhui ya Seva ya Wavuti: Tuanze na Faili Zinazoandikwa



Wengi wetu tumekutana na seva ambayo SELinux yake imelegezwa. Tovuti ilikataa kupokea picha, mtu akaandika `setenforce 0`, picha ikapita, na hakuna aliyerudi kuikaza. Mada hii ni kwa walio tayari kuikaza tena. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kuandika sera yoyote, tujiulize seva inahitaji kuandika wapi, kisha tuibane hapo.

Ruhusa za kawaida za Linux zinamwachia mwenye faili uamuzi. Akiandika `chmod 777`, kila mchakato wa mashine hiyo unaweza kuigusa faili. SELinux, ambayo NSA ya Marekani iliitoa kwa umma mwaka 2000 na ikaingia katika kerneli rasmi mwaka 2003, inaongeza udhibiti ambao mwenye faili hawezi kuutengua. Kila mchakato una lebo, kila faili ina lebo, na lisiloruhusiwa na sera limekatazwa. Apache huendeshwa chini ya lebo `httpd_t`, na hata mchakato wa root ukiwa ndani ya lebo hiyo unabanwa na sheria zilezile.

Tuchukue tovuti ya chuo inayopokea vyeti vya waombaji, iliyowekwa `/data/tovuti` kwenye seva ya Red Hat. Sera ya mfumo haiijui saraka hiyo, hivyo Apache itakataliwa hata ruhusa za kawaida zikiwa sahihi. Tunaitambulisha hivi:

`semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t "/data/tovuti(/.*)?"`
`semanage fcontext -a -t httpd_sys_rw_content_t "/data/tovuti/vyeti(/.*)?"`
`restorecon -Rv /data/tovuti`

Kurasa na msimbo vinasomwa tu. Saraka ya vyeti peke yake ndiyo inayoandikwa. Msitegemee `chcon`, kwa sababu lebo yake hufutika mfumo unapopangiwa lebo upya. Na faili iliyohamishwa kwa `mv` kutoka nyumbani kwa mtumiaji huja na lebo yake ya zamani, jambo linalowapotezea watu saa nyingi bure.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo wengi hudhani wamemaliza. Mshambuliaji akipakia faili ya PHP ndani ya `vyeti`, lebo haitazuia isiendeshwe. PHP haiiendeshi faili hiyo kama programu inayojitegemea. Inaisoma, na ruhusa ya kusoma tumeitoa wenyewe. Kwa hiyo ni lazima PHP izimwe kwa saraka hiyo katika usanidi wa Apache, au bora zaidi, vyeti vihifadhiwe nje ya eneo linaloonekana kwenye wavuti. Kazi ya SELinux inaanza pale kinga hiyo inapovunjwa: msimbo wa mshambuliaji utabaki ndani ya `httpd_t`, hautaweza kubadilisha kurasa za tovuti wala kusoma funguo za SSH za wasimamizi. Lakini tukiipa tovuti nzima lebo ya kuandikwa ili tu programu ijisasishe yenyewe, sehemu kubwa ya kinga ya SELinux tumeitupa. Mimi napendelea masasisho yafanywe na msimamizi, hata kama ni usumbufu.

Kuhusu makatazo yanayojitokeza, yasomeni kwa `ausearch -m AVC -ts recent`. Programu ya `audit2allow` hugeuza kila katazo kuwa ruhusa, nayo haina njia ya kujua kama katazo hilo lilitokana na kazi halali au na shambulio. Isomeni sheria inayopendekeza kabla ya kuipakia. Mara nyingi swichi (boolean) iliyopo kwenye sera inatosha: kama hifadhidata iko kwenye mashine nyingine, washeni `httpd_can_network_connect_db`, si `httpd_can_network_connect`, ambayo inairuhusu Apache kuunganisha na bandari yoyote.

Wakati wa majaribio hakuna haja ya kuilegeza mashine nzima. `semanage permissive -a httpd_t` inailegeza seva ya wavuti tu, huku makatazo yakiendelea kuandikwa. Jaribuni kupakia cheti, kujaza fomu na kutuma barua pepe, rekebisheni lebo, kisha iondoeni hali hiyo kwa `semanage permissive -d httpd_t` siku ileile mnayofungua tovuti kwa waombaji.