Ufundi wa Ujerumani: Mkataba Kwanza, Nauli Baadaye

Msikilizaji wa Igamba, kijana anayetaka kusomea ufundi umeme au useremala Ujerumani hana sababu ya kuuza shamba la kahawa la familia ili dalali alipwe. Mfumo mkuu wa mafunzo ya ufundi kule huanza na mkataba wa mwajiri: mwanafunzi hugawa wiki kati ya karakana na darasa, kwa kawaida miaka 2 hadi 3 na nusu, naye hulipwa kila mwezi. Anayedai mamilioni ya ada bila kumtaja mwajiri anatia shaka kubwa. Kizuizi halisi ni Kijerumani, mara nyingi ngazi ya kati iitwayo B1, na hicho hakinunuliwi.

Wapo wasemao lugha inachelewesha, heri kuvuka mpaka wa Tunduma kutafuta kibarua Zambia. Kibarua kinalisha leo, ni kweli, lakini hakimpi kijana cheti. Wengine wanauliza: kwa nini aende mbali, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, ipo tangu 1994? Wana hoja, aanzie hukohuko VETA, huku akijifunza lugha. Ujerumani ikishindikana, bado ana ufundi wa kumlisha hapa Mbozi. Na wakala binafsi wa ajira aonyeshe leseni yake kabla hamjampa hata senti.