Kimeta: Kiumbe Kinachongoja Udongoni

Leo nazungumza na wafugaji kuhusu bakteria wa ugonjwa wa kimeta.

Bakteria huyu ni seli moja yenye umbo la fimbo. Hana kiini, DNA yake imejikunja tu ndani ya ute wa seli, na nje amezungukwa na ukuta mgumu. Akiwa mwilini mwa ng'ombe huvaa pia utando unaomkinga dhidi ya seli nyeupe za damu.

Hatari kubwa huja mnyama akishafa. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hupata hewa na kujigeuza kuwa spora: hunakili DNA yake, huifunga kwa matabaka mazito na kuondoa maji yote anayoweza. Spora haili wala haikui. Inangoja. Jua haliimalizi upesi, ukame hauidhuru, na udongoni hudumu miongo kadhaa. Kwa mfano, kisiwa cha Gruinard, Uskoti, kilichafuliwa kwa majaribio ya kimeta mwaka 1942. Kilitangazwa salama 1990. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika mbuga ya Ziwa Nakuru.

Lakini mzoga usiopasuliwa huoza, na bakteria wengi hufia humo humo. Kwa hiyo, ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, tafadhali usimchune, usile nyama yake. Mwite afisa wa mifugo, na ng'ombe waliobaki wachanjwe kila mwaka.