Kabla ya Kuuza Mkokoteni: Goti na Mgongo wa Mfanyakazi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii kutoka Kibera na Kawangware.

Wa Gatwekera na Laini Saba naona wengi mmekuja kwa miguu. Wa Gatina na Kawangware 46 mmepambana na msongamano wa magari. Asanteni kwa kufika.

Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuchukua maneno ya wataalamu na kuyafikisha kwa mwananchi bila kuyaharibu njiani. Leo nimeombwa nieleze utafiti wa miaka ya karibuni unasema nini kuhusu maumivu ya goti na ya mgongo.

Nianze na mtu mmoja. Katika baraza fulani, baba mmoja anayesukuma mkokoteni wa maji aliniita kando. Mgongo ulikuwa umemshika kwa wiki tatu. Jirani alimwambia kwamba bila picha ya MRI hawezi kupona, na kwamba huenda akahitaji upasuaji. Alikuwa tayari amepata mtu wa kununua mkokoteni wake. Akaniuliza, "Afisa, nikiuuza, hiyo picha itaniponya?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba asiuuze mpaka Jumatatu, nikaenda kumtafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Mengi nitakayosema leo yalianzia hapo.

Nina deni lingine pia. Nilipokuwa ripota chipukizi, niliandika habari kuhusu madaktari wa ng'ambo wanaopandikiza gegedu la goti. Kichwa cha habari kiliahidi "goti jipya". Mama mmoja mzee, aliyekuwa akifua nguo za watu kwa miaka mingi, alipiga simu kuuliza ajiandikishe wapi. Nilikuwa nimeandika habari nzima bila kuuliza swali moja: upasuaji huo unamfaa nani?

Ndani ya goti

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Katikati kuna vipande viwili vya gegedu, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, kila kimoja kina umbo la mwezi mwandamo. Wataalamu huviita meniskasi. Kazi yake ni kama ya shoki za matatu: hupokea uzito na kuusambaza. Shoki zikifa, abiria wa kiti cha nyuma ndiye hujua.

Zamani meniskasi ikichanika, madaktari waliitoa yote wakidhani haina kazi kubwa. Mwaka 1948, daktari Mwingereza T. J. Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei kwamba goti lililotolewa meniskasi hubadilika: nafasi kati ya mifupa hupungua, na mfupa huota ukingo. Polepole madaktari wakabadili mwendo. Siku hizi hujaribu kuhifadhi meniskasi, na kuishona inapowezekana.

Lakini vipi yule ambaye yake ilikwisha kutolewa? Mwaka 1984, huko Munich, Ujerumani, madaktari walianza kupandikiza meniskasi iliyotoka kwa mtu aliyefariki. Upasuaji huo unaendelea hadi leo katika nchi kadhaa. Kwa kawaida hufanyiwa mtu asiyezidi miaka 50 hivi, aliyepoteza meniskasi yote au karibu yote, ambaye goti bado linamuuma, lakini gegedu linalofunika mifupa yake halijalika sana na mguu wake haujapinda. Kipande kinachopandikizwa lazima kilingane na kipimo cha goti lake. Baadaye kuna miezi ya mazoezi. Wengi hupata nafuu ya maumivu. Kwamba upandikizaji huzuia goti kulika miaka ijayo, hilo bado halijathibitishwa.

Yule mama wa kufua hakuwa miongoni mwa watu hao. Goti lake lilikuwa limelika kwa umri na kazi. Kwa goti kama hilo, tiba ya kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito wa mwili ukizidi, na dawa za maumivu kwa ushauri wa mhudumu. Likilika kabisa, kuna upasuaji wa kuweka goti bandia, lakini huo ni upasuaji mwingine, na hauanzi nao.

Kuna utafiti mmoja ningependa mkumbuke. Mwaka 2013, watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, ambao meniskasi zao zilichanika kwa kuchakaa. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kukata sehemu iliyochanika. Wengine waliingizwa chumba kilekile cha upasuaji, wakachunguzwa kwa kamera, lakini hakuna kilichokatwa. Wagonjwa hawakuambiwa nani amefanyiwa nini. Baada ya miezi 12, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Tahadhari: utafiti huo ulihusu magoti yaliyochakaa. Kijana aliyejipinda goti uwanjani leo jioni, likavimba papo hapo au likakwama lisinyooke, huyo ana shida tofauti na anahitaji kuonwa mapema. Meniskasi iliyochanika ghafla kwa kijana mara nyingine hushoneka, na kumchelewesha kunaweza kumnyima nafasi hiyo.

Bati lenye kutu

Turudi kwa yule baba na picha yake. Mwaka 2008, watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa picha za MRI za magoti ya watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala kukakamaa kwa goti mwezi uliotangulia.

Mgongo ni vivyo hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo haukuwauma. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Hao wote hawakuwa wagonjwa.

Sisi tunaoishi chini ya mabati tunalielewa hili. Ukipanda juu ya paa utaona kutu, lakini si kila bati lenye kutu linavuja. Picha ina kazi yake pale daktari anaposhuku jambo mahususi. Picha iliyopigwa kwa wasiwasi tu humaliza akiba ya nyumba na kumwachia mtu hofu mpya.

Mgongo na mtungi wa maji

Mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Hakuna tatizo lingine la afya linalowafanya watu wengi hivyo washindwe na shughuli zao. Habari njema ni kwamba maumivu mapya ya mgongo, kwa wengi, hupungua sana ndani ya wiki 6.

Mambo mengi tuliyozoea hayasaidii. Kulala kitandani wiki nzima huchelewesha kupona, kwa sababu misuli hulegea. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo yaliyodumu. Linapendekeza mazoezi, mgonjwa kuelimishwa, na hata kukandwa. Halipendekezi mishipi ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Mwaka huohuo, utafiti wa Australia kwa watu 347 waliopata maumivu ya ghafla ya mgongo au shingo ulionyesha kwamba dawa ya jamii hiyo haikuwasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo mtu akiwaambia ananunua tramadoli kwa kemisti kila wiki, msimgombeze. Mwelekezeni kituoni. Hata ibuprofeni na diklofenaki, zikitumiwa kila siku bila ushauri, zinaweza kuumiza tumbo na figo.

Kutembea nako? Mwaka 2024, utafiti mwingine wa Australia uliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea na ushauri wa fiziotherapisti walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa walikaa siku 112.

Najua mtu wa Kibera atacheka. Atasema, "Sisi tunatembea mpaka Eneo la Viwandani kila asubuhi, na mgongo bado unauma." Ana haki ya kucheka. Waliofanyiwa utafiti walitembea mikono mitupu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Utafiti uliofanywa Limpopo, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2010, ulihusisha ubebaji wa maji na maumivu ya shingo na uti wa mgongo. Mama fua anainama juu ya beseni tangu asubuhi hadi alasiri. Kijana wa mjengo anabeba saruji ngazi kwa ngazi.

Kwa hao tunasema hivi: beseni liinuliwe juu ya stuli au matofali. Mzigo uwe karibu na mwili. Ikiwezekana, mitungi miwili ya lita 10 badala ya mmoja wa 20. Badilisha mkao kila baada ya muda mfupi. Ukianza kupona, rudi kazini kidogo kidogo badala ya kungoja maumivu yaishe kabisa.

Najua pia kwamba anayelipwa kwa hesabu ya mitungi hawezi kupunguza mzigo kirahisi. Kwa hiyo niseme nikiwa afisa wa kaunti: bomba la maji likiwa karibu na mlango, litaokoa migongo mingi kuliko hotuba yangu. Hilo ni jukumu letu sisi serikalini, na tusimwachie mama mwenye mtungi peke yake.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayangojei mazoezi. Tafadhali andikeni haya.

Mtu akishindwa ghafla kuzuia au kutoa mkojo, au kuzuia choo, au akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mishipa ya fahamu inabanwa, na kila saa ina thamani.

Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mjengo au kugongwa na boda boda, mgongo ukauma, asikandwe. Apelekwe hospitali. Aliyewahi kuugua saratani naye, mgongo ukianza kumuuma, aonwe mapema.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au kikohozi kisichoisha yatufanye tufikirie kifua kikuu. TB haikai kwenye mapafu tu. Hushika pia uti wa mgongo, hula pingili, na huweza kumfanya mtu apinde mgongo au apooze. Ikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa, ingawa matibabu huchukua muda mrefu kuliko miezi 6 ya TB ya kawaida ya mapafu. Dawa za TB katika vituo vya umma hazilipiwi.

Kwa goti: likivimba, likawa jekundu na moto, na mtu ana homa, hiyo ni dharura. Asipakwe dawa ya kuchua akingoja kesho.

Mnapofika mlangoni

Kila mmoja wenu anatembelea takriban nyumba 100. Mnasikia "mgongo umenishika" kabla ya daktari yeyote kusikia. Ulizeni maswali manne: Yalianza lini, na ulikuwa unafanya nini? Una homa, au unapungua uzito? Mkojo, choo na miguu viko sawa? Unatumia dawa gani, na nani aliyekupa?

Kukiwa na dalili ya hatari, andikeni rufaa na mhakikishe amefika. Pasipokuwa nayo, mpeni moyo, mwambieni aendelee kujongea, na mmwelekeze kituo cha afya kilicho karibu. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hazilipiwi kwa aliyejisajili na SHA. Ambaye hajajisajili abonyeze *147# kwenye simu. Akihitaji fiziotherapia, kituo kitampa rufaa ya kwenda hospitali kama Mbagathi.

Yule baba tulimpeleka kituoni Jumatatu ile. Alichunguzwa kwa mikono na kuulizwa maswali kwa muda mrefu. Hakuwa na dalili hata moja ya hatari. Alifundishwa mazoezi manne, akaambiwa asilale mchana kutwa, na apunguze mitungi kwa wiki chache huku mwanawe akimsaidia kusukuma. Picha hakupigwa. Nilipomwona mara ya mwisho aliniambia mgongo bado humkumbusha siku za baridi, ila anafanya kazi.

Mkokoteni ulikuwa bado ni wake.