Simu Moja, Sufuria Nyingi: Mtandao Utusaidie Kutunza Kuni

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi, makazi ya Nakivale, Uganda)



Siku hii ina asili yake Afrika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi ulitiwa sahihi mwaka 1969, ukaanza kutumika Juni 20, 1974. Tangu mwaka 2001 tarehe hiyo huadhimishwa dunia nzima. Kila mara tunazungumza haki za mkimbizi, na ni vizuri. Leo tunaomba tuzungumze wajibu wake mmoja, yaani kuitunza ardhi iliyompokea. Na kwa kuwa vijana wetu wanashinda na simu mkononi, tutaeleza jinsi simu hiyo inavyoweza kutusaidia.

Jambo lenyewe ni kuni. Kila mama hapa anajua kwamba njia ya kuni inazidi kuwa ndefu. Akichelewa kurudi, nyumbani wana hofu. Binti akimsindikiza, sisi walimu tunaliona pengo lake katika daftari la mahudhurio. Na huko anakoingia kuna shamba la mtu, na ugomvi huanzia hapo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akimaliza miti, mwenyeji atapona kwa nini? Tena ziwa letu ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, iliyoandikwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Vilima vikibaki uchi, mvua hushusha udongo ziwani, nasi tunakula samaki wa humo humo.

Sasa mtandao unatupa nini? Tutataja mambo manne.

Kwanza, majiko. Michoro na video za kutengeneza jiko la udongo zinapatikana bure. Lakini sikilizeni historia yake. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 huko Guatemala, watu walianza kujenga jiko liitwalo Lorena, jina lililotoka katika maneno mawili ya Kihispania, matope na mchanga. Lilipendwa, likaenea nchi nyingi. Baadaye wataalamu walipolipima, walikuta kwamba udongo ule mnene unanyonya joto kabla halijafika kwenye sufuria, na mara nyingine jiko lilikula kuni kuliko mafiga matatu. Miaka ya 1980, Larry Winiarski wa Marekani akaeleza muundo mwingine, jiko la roketi. Mdomo wa kuni na njia ya moto hufanya umbo la herufi L, hewa hupita chini ya kuni, na kuta za njia ya moto huwa nyepesi. Wepesi huo hupatikana kwa kuchanganya udongo na pumba au unga wa mbao. Tofali likichomwa, pumba huungua na kuacha vitundu vya hewa, navyo huzuia joto lisipotee. Udongo tunao na pumba tunazo.

Pili, kapu la joto. Si jambo geni, kwani mwaka 1867 sanduku la namna hiyo kutoka Norway lilionyeshwa katika maonyesho ya Paris. Loweka maharage usiku kucha, yachemshe kwa nguvu kama nusu saa, kisha funika sufuria na uiweke katika kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya ndizi, ufunike vizuri juu yake. Yataendelea kuiva kwa saa kadhaa bila kuni. Kabla ya kula, yachemshe tena ili yawe salama.

Tatu, miti ya kupanda. Kituo cha utafiti wa kilimo-mseto cha ICRAF, chenye makao Nairobi, kimeweka wazi orodha ya miti na matumizi yake. Humo mtu atasoma habari za kaliandra na sesbania, miti inayokua haraka, inayorutubisha udongo, na kaliandra ukiikata huchipua tena. Mikaratusi nayo hukua upesi, lakini hunywa maji mengi, haifai karibu na chemchemi. Iko pia programu ya Pl@ntNet inayotaja jina la mmea kwa kutazama picha yake. Itumieni kujifunza, lakini msile uyoga wala kunywa dawa kwa ushahidi wa simu. Muulizeni kwanza mzee anayeujua mmea huo.

Nne, picha kutoka angani. Global Forest Watch huonyesha bure mahali miti ilipopotea, mwaka kwa mwaka tangu 2001. Kijana anaweza kuvitazama vilima vyetu humo. Ila setilaiti inayotumika huona kipande cha mita 30 kwa 30 kama nukta moja. Shamba zima likifyekwa, huenda likaonekana. Tawi moja alilokata mama jana halionekani, na kuni zetu nyingi huondoka kwa namna hiyo, tawi kwa tawi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtandao hutoa elimu lakini haupimi kuni zako. Hata hilo Lorena lilisifiwa kabla halijapimwa. Kazi ya kupima ni yetu, na chombo chake ni daftari la shule na mizani ya dukani. Pimeni kuni kilo 5. Pikeni maharage ya uzito mmoja, kwa sufuria ya namna moja, upande huu kwa mafiga, upande ule kwa jiko jipya. Yakiiva, pimeni kuni zilizobaki, mkaandike. Rudieni siku tatu, maana siku moja upepo unaweza kudanganya. Jiko likishinda, majirani wafundishwe. Likishindwa, livunjwe, lijengwe upya.

Mtauliza: na bando tutanunua na nini? Tunashauri simu moja ipakue, wengi wapokee kwa bluetooth au kadi ya memori. Ipo pia programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia na vitabu vingine bila mtandao, akishapakua mara moja.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna maombi mawili. Mtupe mahali pa kupakulia na kuchajia kwa jua, na mtusaidie maelezo hayo yapatikane kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za hapa. Tena, mnapoandika ripoti, msihesabu tu majiko yaliyogawiwa. Ulizeni kuni zimepungua kilo ngapi katika nyumba hiyo, na kama binti amerudi darasani.

Kwa vijana: aliye na simu amchukue mama mmoja asiyejua kusoma, amwonyeshe video, kisha washike udongo pamoja. Na kwa wenyeji wetu: karibuni katika vipimo hivyo, mjionee kama mzigo wa kuni unapungua, maana miti hiyo ni yenu na yetu sote tunaoishi chini ya kivuli chake.

Amani iwe nasi, na siku moja iturudishe nyumbani.