Kwenda Mombasa kwa Pesa ya Safari, Si kwa Pesa ya Mikopo

(Mazungumzo ya kikundi kimoja cha kujisaidia cha Makadara, Nairobi, mbele ya vikundi vya vijijini vilivyokitembelea)

Mmeuliza vile tulienda Mombasa, maana nyinyi pia mnataka kwenda. Tutaanza na pesa. Bahari itangoja.

Sisi ni watu 18. Tunauza mboga, mitumba na chapati, na wengine ni vibarua wa viwandani. Kati yetu kuna mama wa miaka 64 aliyelelewa Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Baba yake alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na huyu binti yake hakuwa amewahi kuona bahari. Watu walituambia safari ni anasa ya matajiri. Hatukukubali. Mtu akichanga kila mara kwa matanga na hospitali, mbona asichange mara moja kwa furaha?

Lakini jameni, msiguse pesa ya mikopo. Kuna kikundi jirani kilienda pwani kwa pesa hiyo. Waliporudi, mama aliyekuwa akingoja mkopo wa karo alikuta sanduku tupu, na mtoto wake akakaa nyumbani muhula mzima. Kikundi hicho hakikutani tena. Sisi tuliweka daftari la safari kando, na mtunzaji wake hakuwa mweka hazina wa mikopo. Kila mtu alitoa shilingi 150 kwa wiki, wiki 40, ikawa 6,000. Wawili walishindwa. Tukapika mandazi na kuuza baada ya ibada ya Jumapili hadi sehemu yao ikatimia. Hakuna aliyeachwa, na hakuna aliyekopeshwa. Tena tulikubaliana mapema: anayejiondoa kabla ya tikiti kununuliwa anarudishiwa yote.

Treni ya kisasa ilianza mwaka wa 2017, kutoka Syokimau hadi Miritini. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, kwenda tu. Tuliagiza kwa simu na kulipa kwa M-Pesa mapema. Kila mtu mzima awe na kitambulisho. Nyinyi wa Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, msije Nairobi kwanza! Ile treni ya asubuhi inasimama huko kwenu, na nauli ni kidogo. Fikeni stesheni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa. Sufuria zilipita bila shida, lakini kisu cha jikoni msibebe.

Msiende Desemba wala Pasaka, nauli za basi hupanda na kila mahali kumejaa. Aprili na Mei ni mvua kubwa. Sisi tulienda Julai.

Malazi ndiyo humaliza watu. Mchungaji wetu aliandika barua miezi miwili mbele kwa kanisa moja la Kisauni, tukapewa ukumbi, magodoro na jiko kwa siku mbili. Tulitoa sadaka ya shilingi 300 kila mtu. Chakula tulinunua soko la Kongowea, tukapika wenyewe. Asubuhi, mahamri na mbaazi za barabarani, hizo hata sisi wapishi wa chapati tulinyamaza. Huko pwani salamu hutangulia bei. Ukikimbilia "ngapi?" kabla ya kusalimu, utaonekana mtu wa bara mara moja.

Ufuo wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, ni wa umma. Mpira wa kuelea, picha, ngamia, vyote vina bei: kubalianeni bei na muda kabla ya kupanda. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mtu hutembea mbali maji yakiwa yamepwa, halafu anashtukia yamerudi nyuma yake. Ulizeni wavuvi saa za maji. Sisi watu wawili walibaki nchi kavu kwa zamu, kazi yao kuhesabu vichwa na kulinda simu. Asiyejua kuogelea asipite magotini. Yule mama wa Makongeni aliketi kwenye mchanga, maji yakamfikia kiunoni, akakataa kutoka hadi tukala bila yeye.

Siku ya pili tulipanda feri ya Likoni. Anayetembea kwa miguu halipi. Halafu tukaenda Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanzwa mwaka wa 1593. Chukueni vitambulisho hapo pia, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Akina mama, bebeni leso, na msipige watu picha bila kuwaomba.

Hesabu ni hii, kwa kila mtu: treni kwenda na kurudi 3,000, malazi 300, chakula 1,000, matatu na viingilio 800. Zilizobaki, 900 kila mtu, yaani 16,200, zilikuwa za dharura. Dawa ya mmoja wetu na gari la usiku zilikula 4,900. Zile 11,300 ziko bado kwenye daftari la safari, na kuna wanaotaka Kisumu.

Daftari lenyewe tumelileta. Anayetaka kunakili kurasa zake amwone katibu wetu pale mlangoni kabla ya chai.