Umeme Salama kwa Kompyuta Ndogo



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la kikundi cha akiba au la mahudhurio ya shule laweza kuwa ndani ya kadi ya kumbukumbu ya kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na umeme usiotosha waweza kuliharibu.

Raspberry Pi 4 huhitaji chaja ya volti 5 na ampea 3. Tundu la USB 2.0 la kompyuta kwa kawaida hutoa nusu ampea tu. Waya mrefu na mwembamba nao hupoteza volti njiani. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, alama ya radi hutokea kwenye kioo, mtumiaji asiipuuze.

Basi achague chaja iliyoandikwa ampea 3, atumie waya mfupi na mnene, na diski ya nje aipatie umeme wake yenyewe. Kabla ya kuchomoa, aizime kompyuta kwa amri na kungoja taa ya kijani iache kumeta.

Umeme haubishi hodi unapokatika. Nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe mahali pengine kila jioni.